Hewa Siipuuzi

Alhamisi, jioni. Kusi limevuma tangu asubuhi, nguo nilizoanika zimeishia uani kwa jirani, na mimi nimerudi nyumbani, mtaa wa Shika Adabu ng'ambo ya feri, na hasira ambayo hata chai ya tangawizi haikuituliza. Kwa hivyo naandika.

Mnaopita hapa mara kwa mara mnajua kwamba nafundisha fizikia katika shule moja ya upili upande wa Changamwe, jirani na uwanja wa ndege. Kwa mgeni: naitwa Rukia, ni mwalimu wa bodi, yaani nimeajiriwa na shule wala si na serikali, na siku wakiamka na kisirani naweza kuambiwa nikae nyumbani. Nalitanguliza hili ili ijulikane kwamba ninapobisha, sibishi kwa sababu nina pa kuegemea.

Leo nimebisha.

Nimebisha juu ya hewa, na ningebisha tena.

Mambo yenyewe ni hivi. Kesho wanafunzi wangu wawili wa kidato cha tatu, Mejumaa na Brenda, wanakwenda Kisauni kwenye maonyesho ya sayansi. Mradi wao unauliza swali dogo tu: ukirusha kitu, hewa inakiibia umbali kiasi gani? Nililipenda swali hili tangu siku walipolileta, kwa sababu vitabu vyetu vimelikimbia. Kila hesabu ya kitu kilichorushwa, liwe jiwe, mpira au risasi, mwishoni ina ile sentensi yao: puuza ukinzani wa hewa. Yaani jifanye kwamba mpira unapita mahali patupu, hakuna kitu kinachousukuma usoni. Ukishajifanya hivyo, hesabu inakuwa tamu. Mpira unapanda kwa mchoro mzuri, unashuka kwa mchoro ule ule, na ukitaka ufike mbali kabisa unauelekeza nyuzi arubaini na tano, basi, umemaliza, chukua alama zako.

Sina ugomvi na hesabu hiyo. Mtoto huanza na kilicho rahisi. Ugomvi wangu ni na watu wazima waliobaki hapo hapo.

Sasa nieleze kuhusu kupika, maana bila hilo hakuna atakayeelewa kwa nini nimekasirika. Katika maabara zetu, kupika si kazi ya jikoni. Mwanafunzi anajua jibu ambalo msahihishaji anataka, basi anaanzia kwenye jibu na kurudi nyuma. Anajaza jedwali zima akiwa amekaa, kisha, na hapa ndipo ufundi ulipo, anaziharibu namba mbili tatu kidogo kwa makusudi, ili ionekane kweli alipima. Watoto wana kipimo kabisa cha uongo unaotosha. Ukiziacha namba zikae kwenye mstari mmoja, umeshikwa. Ukizitawanya sana, umefeli. Wanafundishana, mkubwa kwa mdogo, na walimu tunapita katikati ya meza tukitazama dirishani.

Mejumaa na Brenda waliponiletea jedwali lao la kwanza, lilikuwa safi ajabu. Namba zote zilifuata fomula, mbili zimeyumba kidogo kwa adabu. Tatizo likawa moja. Siku waliyosema walirusha mipira uwanjani, uwanja mzima ulikuwa na mahema ya mkutano wa wazazi, na mimi mwenyewe nilikuwa hapo nikigawa soda.

"Tulipika kidogo, Madam," Brenda akasema, kwa utulivu wa mtu aliyeongeza chumvi kwenye mchuzi. Wala hakuona haya. Mejumaa ndiye aliyeinamisha kichwa, lakini naye aliinamisha kwa sababu wameshikwa.

Sikuwapigia kelele. Niliwaambia warushe.

Walichukua wiki nzima kutengeneza manati kubwa ya mbao na ukanda wa tyubu ya baiskeli, yenye kipande cha ubao cha kupimia pembe. Mipira waliyotumia ni ile ya plastiki ya watoto, mitupu ndani, inayouzwa sokoni ikiwa ndani ya wavu. Kasi walipima kwa video ya simu, wakiitazama picha moja moja mpira unapopita mbele ya rula ndefu. Walirusha asubuhi kabla upepo haujaamka, upande huu na upande ule, ili hata kile kiupepo kidogo kisimpendelee mtu.

Fomula ilisema meta ishirini na tano. Mpira ukaanguka kwenye meta kumi hivi.

Haukufika hata nusu ya njia. Nawakumbuka wamesimama pale uwanjani, ndege inashuka juu ya vichwa vyetu kwa kelele zake za kila siku, na hakuna aliyeitazama. Brenda akasema, "Madam, hii imekataa." Mejumaa akauliza, "Mwalimu, tumekosea wapi?" Swali hilo liliniingia moyoni. Mtoto amepima kitu kwa mkono wake, amekirudia mara nyingi, kimempa jibu lile lile, na la kwanza analofikiria ni kwamba kosa ni lake.

Nikamwambia hawajakosea popote. Nikamwambia ajaze mchanga kwenye mmoja wa mipira ile, azibe kwa gundi, arushe tena.

Hapo mambo yakaanza kuwa matamu. Mpira mzito ulitoka polepole, ikabidi wavute ukanda zaidi na zaidi mpaka video ionyeshe kasi ile ile ya kwanza. Walipoipata, mpira wa mchanga ukaenda ukaenda, ukaanguka karibu kabisa na pale fomula iliposema. Ukubwa ule ule, umbo lile lile, kasi ile ile. Hewa iliisukuma yote miwili kwa nguvu sawa, ila mtupu hauna uzito wa kubishana nayo. Nilimwona Mejumaa akielewa. Aliupima mpira mtupu kwa mkono mmoja na wa mchanga kwa mkono wa pili, akawa anashusha na kupandisha kama anayenunua vitunguu.

Baada ya siku hiyo hawakushikika. Waligundua kwamba mpira mtupu haushuki kama ulivyopanda: unapanda kwa mshazari, unachoka, kisha unaporomoka karibu wima. Waligundua pia kwamba nyuzi arubaini na tano si chaguo bora kwake. Ukiuelekeza chini kidogo ya arubaini unafika mbali zaidi, kwa sababu haukai sana hewani kuibiwa. Hili la mwisho waliligundua peke yao, na walikuja kuniita kutoka chumba cha walimu wakikimbia, viatu mkononi, uwanja ulikuwa na matope. Nimefundisha muda si haba. Sijawahi kuitwa kwa mbio kwa sababu ya nyuzi.

Basi jana Mwalimu Mutiso akaliona bango lao.

Mutiso ndiye mkuu wa idara yetu. Si mtu mbaya, na nikiandika hapa kwamba ni mbaya nitakuwa nimepika. Anakuja shuleni kabla ya wote, na mwaka jana alimfuata mwanafunzi mmoja hadi kwao Mwakirunge kumrudisha darasani alipotoroka. Lakini alisimama mbele ya bango, akaona mstari wa fomula uko juu huko na vidoti vya mpira mtupu viko chini huku, akatikisa kichwa. Akawaambia wasichana wachore upya. Vidoti vifuate mstari. Majaji wana mwongozo wao, akasema, wataona pengo hilo na kuandika kwamba vifaa ni vibovu. Shule yetu haijawahi kuvuka hatua hii ya kwanza hata mara moja, na Mejumaa anataka kuvuka kuliko kitu chochote duniani. Analisema hilo waziwazi, hana ule unyenyekevu wa bandia.

Leo asubuhi Mejumaa akaja mlangoni pa chumba cha walimu. Nilimwita, akaitika "abee," akaingia, akasimama huku amekunja karatasi ya manila mpya kwapani, nyeupe, haijaandikwa.

"Mwalimu, niandike zipi?"

Naungama ulimi ulikuwa tayari. Nilitaka kumwambia andika za kweli na asikusumbue mtu. Lakini nilitazama ile manila nikaona kwamba nikimwamuru aandike za kweli kwa sababu mimi nimesema, basi mimi ni Mutiso mwenye buibui. Nikamwambia zipi ni zako, unazijua. Akaondoka bila furaha. Watoto hawapendi kuachiwa jambo la namna hiyo, wala mimi sikupenda kumwachia.

Kisha nikaenda kumtafuta Mutiso, maana mimi, tofauti na mtoto, nilikuwa na ruhusa ya kugombana.

Tuligombana mbele ya walimu wengine, na chai ikapoa. Alisema nawapotezea watoto nafasi kwa ubishi wangu. Nikamwambia nafasi ya kudanganya mbele ya watu si nafasi. Alisema kitabu kimesema hewa ipuuzwe. Nikamwambia kitabu kimesema ipuuzwe kwenye hesabu, hakikusema ipuuzwe kwenye uwanja wa mpira. Akasema, "Sikiza Rukia, hiyo mashine yao ndiyo mbovu. Kama ingekuwa imetengenezwa vizuri mpira ungefika." Hapo mimi nikacheka, na kucheka ndiko kulikomuudhi zaidi ya maneno yote. Akasema alasiri atakuja uwanjani mwenyewe na kutuonyesha.

Akaja. Nampa haki yake, alikuja.

Alikunja mikono ya shati, akaomba utepe wa kupimia, akapima meta ishirini na tano kutoka kwenye manati na kuweka kopo tupu la rangi pale. Mpira, akasema, utaanguka kando ya kopo hili. Akaikagua manati, akakaza misumari miwili, akahakikisha pembe, akachukua mpira mtupu, akavuta mpaka alama ya wasichana, akaachilia.

Mpira ukaenda njia yake ya kawaida na kuanguka mbali kabisa na kopo.

"Ni upepo," akasema. Na kweli kusi lilikuwa linatupiga usoni, sikumnyima hilo. Mejumaa akasema, "Tugeuze, Mwalimu, upepo uwe mgongoni." Wakageuza, wakapima upya, wakalihamisha kopo. Akarusha. Safari hii mpira ulisaidiwa, ukasogea mbele kuliko ilivyokuwa, watoto waliokuwa wakifanya mazoezi ya mbio wakaanza kukusanyika. Lakini kopo bado lilikuwa huko, peke yake. Akarusha tena. Akarusha tena. Akarudisha pembe, akaiinua, akaishusha. Jasho lilimtoka. Nilianza kumwonea huruma, na huruma yenyewe ikaniudhi.

Na sasa niandike kile nilichokiona, maana ndicho kilichonileta kwenye kibodi.

Kati ya mrusho mmoja na mwingine, alikuwa akitembea kwenda kuokota mpira. Na kila alipopita karibu na kopo, alilisogeza kwa ncha ya kiatu. Kidogo tu. Mara ya kwanza nilidhani amejikwaa. Mara ya pili nikaona. Sidhani kama alijua anafanya hivyo, na hilo ndilo linalonitisha kuliko kama angekuwa anajua. Mkono umezoea, mguu umezoea. Tumepika miaka mingi mpaka hatuhisi tena moto. Kopo likaja likaja, mpaka mpira mmoja ukadunda na kuligonga ubavuni, likalia, na Mutiso akapiga makofi mara moja.

"Haya," akasema. "Umefika. Mmeona?"

Watoto wa mbio wakashangilia, wao wanashangilia chochote. Brenda akanitazama. Mimi nilifungua mdomo. Wallahi nilikuwa nimeshaipanga sentensi nzima, kali, yenye mkia.

Mejumaa akanitangulia.

Alitembea hadi kwenye kopo, akasema, "Samahani, Mwalimu," akaliinua, akaufuata utepe uliokuwa bado umelala kwenye nyasi mpaka penye ishirini na tano, akaliweka chini. Akahakikisha limekaa sawa. Kisha akageuka kutukabili.

"Kopo mahali pake ni hapa. Fomula ilisema hapa. Mpira wetu haukufika hapa, na mimi nataka kwenda kueleza kwa nini haukufika."

Mutiso alimtazama, akalitazama kopo, akautazama utepe. Nadhani ndipo alipojua mguu wake ulikuwa ukifanya nini, maana alikitazama na kiatu chake pia.

"Na wakikunyima alama?" akamuuliza, taratibu, bila hasira.

"Wataninyima, Mwalimu. Lakini wakinipa kwa zile za kupika, kisha waniambie nirushe mbele yao, nitauweka wapi uso wangu?"

Sikumfundisha maneno hayo. Nasema hivi kwa sababu kesho huenda mtu akasema mwalimu wake mwenye ulimi ndiye aliyempandikizia. Sikumfundisha. Mimi nilimfundisha kasi na pembe tu.

Mutiso alishusha mikono ya shati, akafunga vifungo vyote viwili, akachukua muda wake. Akasema gari la shule litaondoka alfajiri na atakayechelewa shauri yake. Kisha akanigeukia mimi akasema kwamba nafasi yangu kwenye gari amempa mwalimu wa kemia, kwa sababu mradi huu ukianguka hataki kusikia kwamba idara nzima iliuunga mkono. Nikamwambia sawa. Nilisema sawa kwa upole mpaka akashtuka, akanitazama mara mbili.

Hakuwaambia tena wachore upya. Natia mkazo hapo. Hakukubali, hakukataa, aliondoka akipangusa mikono. Kwa mtu kama Mutiso hiyo ni njia ndefu kwa alasiri moja, nami sitamdai zaidi.

Wasichana walibaki darasani wakiandika manila ile mpya. Niliwakuta wametandaza meza tatu. Mstari wa fomula uko juu, kwa rangi nyekundu, umechorwa kwa rula. Vidoti vya mpira wa mchanga viko karibu nao. Vidoti vya mpira mtupu viko chini kule, vimetawanyika kama vilivyotawanyika kweli, na kati ya mstari na vidoti pana nafasi kubwa nyeupe. Brenda alitaka kuijaza nafasi hiyo kwa picha ya ndege ili isionekane tupu. Mejumaa akakataa. Akaandika katikati yake, kwa herufi kubwa: HII NDIYO KAZI YA HEWA.

Nilitoka nje nikajifanya natafuta funguo.

Sasa niseme ninachokiogopa, maana mpaka hapa nimejitia ushujaa. Huenda Mutiso anasema kweli. Huenda jaji wa kesho ni mtu aliyechoka, ana mwongozo wake mkononi na mabango mengi ya kupitia, ataona pengo, ataandika alama ndogo na kusonga mbele. Mejumaa atarudi Changamwe bila kitu. Atalia, najua atalia, na nyumbani kwao wataniuliza kwa nini sikumwacha afuate mkuu wa idara kama watoto wengine. Na kama bodi itaamua kwamba mwalimu mbishi ni mzigo, basi nitajua hilo nalo mwisho wa muhula.

Lakini nimechoka kuwafundisha watoto wa watu kusogeza kopo.

Nimechoka kweli. Nimechoka kuona msichana amepima sawasawa halafu anauliza amekosea wapi. Tunawaambia wapuuze hewa, baadaye wapuuze namba zao, baadaye wapuuze macho yao, halafu wakiwa wakubwa tunashangaa hawana la kusema kikaoni. Hewa ipo. Leo imenipeperushia nguo zangu mpaka kwa jirani, na kesho itamsukuma kila atakayerusha kitu, awe na cheti asiwe nacho.

Kwenye gari la shule sina kiti, basi nitavuka feri na alfajiri na kujipeleka Kisauni kwa nauli yangu, inshallah. Nitasimama nyuma ya wasichana wangu, mikono nyuma, mdomo nimeufunga, kwa sababu kazi ni yao na wanaiweza. Wakiulizwa, watajibu wao. Mimi nimejiwekea ruhusa ya sentensi moja tu, kwa siku nzima. Jaji atakayemwambia Mejumaa kwamba hewa ilipaswa kupuuzwa, nitamwomba, kwa heshima zote, azibe pua asipumue mpaka mtoto amalize kueleza.